Ua

Jirani alipopandisha ghorofa ya pili
na dirisha la alumini likatazama uani kwetu,
mama alihamisha kamba ya nguo mara tatu kwa wiki moja.
Mara ya nne akamwambia baba: Nitafutie sitara.

Baba akaenda Barka na pikapu ya kuazima,
akarudi na miche arobaini ya damasi
katika mifuko myeusi, udongo wake ukichuruzika.
Muuzaji alimwambia: mti huu haujui kusubiri.
Mwagilia leo, kesho tafuta ngazi.

Na kweli. Mtende wetu, rika langu,
ulikuwa bado unajifikiria.
Damasi ilinifika kiunoni kabla ya Ramadhani,
Ramadhani ya pili ikaupita ukuta,
ya tatu ikafunika dirisha,
pazia la zambarau,
na ule mkono uliokuwa ukilifungua kila alfajiri.
Juni, Al-Khoudh yote imegeuka rangi ya biskuti,
ua wetu kijani kibichi,
kama mtu ambaye hakupewa habari.

Nyuma yake mama akavua baibui,
akafunga kanga kifuani, akakuna nazi,
akamtukana paka kwa Kiswahili cha Vikokotoni.
Dukani alikuwa akipima Kiarabu chake kama dawa,
kijiko, kijiko, asichekwe.
Uani, Kiswahili alikimwaga kwa ndoo.
Hapo ndipo nilipojua
si nguo tu alizokuwa akizificha.

Mwaka wa nne bomba likaanza kukohoa.
Shofiqul fundi akalala kifudifudi,
mkono shimoni mpaka begani,
akavuta,
akavuta,
akatoa mkia mwekundu mrefu kuliko yeye,
laini kama nywele zilizotiwa hina.
Akautandaza juu ya saruji, ukadondosha maji yetu.
Kisha akaonyesha kidole ukutani:
Na mwingine umekwenda kule.

Jioni ile kengele ya geti.
Bi Rayya, mwenye dirisha,
na mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko mkia kama ule ule.
Umetokea jikoni kwake, chini ya sinki,
umepasua vigae vitatu.

Mama aliutazama
kama mtu anavyomtazama mwanawe aliyerudishwa na polisi.
Huku juu tulimfungia mlango wa majani.
Kule chini tulikuwa kwake siku zote,
tumekaa jikoni, tunakunywa,
na hodi hatukupiga.

Nilingoja ugomvi.
Bi Rayya aliuliza tu:
Ule mkate wenu wa hiliki, mbona siku hizi haunukii?
Ulikuwa ukipanda mpaka dirishani kwangu.
Mama akamjibu kwa Kiarabu chake,
chote, na makosa yake yote, bila kijiko.

Ikakatwa Jumamosi. Msumeno ulilia mpaka adhuhuri.
Ua: mahali palipozungushiwa.
Ua: kinachochanua.
Ua: amri kwa mwenye panga.
Baba alilitamka neno hilo mara moja tu,
akatupa tawi, asiseme alikusudia lipi.

Sasa kamba imerudi pale pa mwanzo,
kanga zinakauka hadharani na majina yake nje.
Bi Rayya huinama dirishani:
Hii ya njano inasemaje?
Mama humtafsiria anavyotaka.

Lakini kisiki cha pembeni, karibu na tangi,
kimetoa majani sita.
Jana alfajiri nilimkuta mama
akikimwagia chai iliyolala.
Nasuuza birika, akaniambia,
wala hakugeuka.