Robo ya Nne

Saa kumi na moja alfajiri, Novemba.
Dakota Kaskazini haina huruma na kope za mtu.
Nafunga kamba za viatu mara mbili, kama za mtoto wa chekechea,
nashuka ngazi kwa kunyata, Verlyn asiamke.
Haamki. Hukoroma tu, kwa sauti ya kunisikitikia.

Kazi yangu kusafisha meno ya watu. Umri, hamsini na mbili.
Sijawahi kushinda kitu.
Juni iliyopita nilimaliza wa elfu moja mia moja na kumi na nne,
nyuma ya bwana aliyejivika kama gunzi la mahindi.
Nishani nimeitundika jikoni, juu ya birika,
mvuke unaiosha kila asubuhi.

Wanasema lazima upande vilima.
Hapa hakuna kilima. Kuna maegesho ya hospitali, ghorofa tano,
napanda, nashuka, napanda,
na mlinzi wa zamu, Odell, ananihesabia kwa kijiti cha kahawa.

Lakini Jumamosi!
Jumamosi wanacheza Korongo, timu ya chuo chetu,
na mimi nina maili ishirini za kukimbia.
Verlyn yuko safu ya ishirini na mbili na chupa yake ya supu.
Mimi nauzunguka uwanja kwa nje:
ukuta wa kaskazini, kiwanda cha mikate, makaburi ya Walutheri, ukuta tena.
Mchezo siuoni. Nausoma kwa masikio.
Kelele ikipanda halafu ikavunjika katikati: mpira umedondoka.
Tarumbeta: tumepata.
Watu elfu tisa wakinyamaza,
unasikia kamba ya bendera ikigonga mlingoti.

Mzunguko wa kumi na nane. Robo ya nne.
Mapaja yangu yamekuwa magogo ya watu wengine.
Tuko nyuma kwa pointi mbili, kaniambia muuza soseji bila kuulizwa,
na imebaki teke moja.
Mchezo huu wanauita mpira wa miguu, na miguu haina kazi,
ila ya kijana mmoja, anayeitwa mwishoni,
baridi ikiwa imemkaa magotini saa tatu nzima.
Nilisimama. Mimi, nisiyesimama hata kwa taa nyekundu.
Kimya.
Kisha mguno mmoja mzito,
kama ng'ombe wa zizi zima wamelala chini pamoja.

Siku ya nyani kufa miti yote huteleza,
hata ile miwili ya manjano.

Redio ilimtafuna usiku kucha. Ostby, Ostby, Ostby.
Verlyn alikula chakula cha jioni bila chumvi, asijue.

Jumapili ni siku ya maili tatu za kulegeza misuli.
Lango la uwanja wa mazoezi lilikuwa wazi,
naye ndani, peke yake, na gunia la mipira sita.
Anapiga, anaifuata, anaikusanya, anarudi.
Namjua. Nimewahi kumsafisha meno;
ana jino la mwisho linalokuja kwa ubavu, litamsumbua.
Bila barakoa hakunitambua.

Sikusema kitu. Nilikwenda nyuma ya milingoti
nikaanza kumrushia.
Narusha vibaya, kama mtu anayefukuza paka.
Saa ya mkononi ikalia: umesimama, umesimama.
Nikaizima.

Baada ya muda akauliza kwa mbali,
"Unafanyia mazoezi nini?"
"Juni," nikasema.
Akatikisa kichwa taratibu,
kana kwamba Juni ni mji, na amewahi kupita hapo.

Akarudi hatua tatu, mbili za kando.
Mpira ukagonga mlingoti wa kushoto, ukafikiri,
ukaanguka upande wangu.
Nikaukimbilia.