Chajitembeza

Nilikwenda lile duka la Westlands Jumanne,
siku ambayo wanamuziki hawana kazi
na wauzaji wana subira.
Gita lilitundikwa juu, mbali na vidole vya watu,
rangi yake asali.
Laki mbili na elfu themanini.
Nikauliza kama hiyo ni pamoja na mpigaji.
Kijana akacheka kwa adabu, akaliteremsha.

Sitakudanganya, Kilonzi,
wewe uliyenituma nikalijaribu pacha wa lako
ili nikiri umeshinda:
tofauti ipo.
Shingo yake ilikaa kiganjani
kama mkono wa mtu tuliyesoma naye.
Nilipogusa uzi wa kwanza sauti haikukimbia,
ilikaa kitako, ikanitazama,
ikaondoka kwa wakati wake.
Nikapiga vile vipande vya harusi
tunavyovipiga tukiwa tumechoka,
na kwa mara ya kwanza nikasikia makosa yangu yote,
moja moja,
yamevaa suti.

Kisha hesabu zikaanza, ugonjwa wa mpangaji:
laki mbili na themanini
ni kodi yangu ya Kariobangi, miezi ishirini na minane,
ni karo ya Nafula hadi
— acha.
Nililirudisha ukutani mwenyewe, taratibu,
kama mtu anayemlaza mtoto wa jirani.

Langu nililinunua Luthuli, elfu saba na mia tano,
pamoja na begi lililokufa kabla ya mvua za Aprili.
Mbao zake hazijui zilikuwa mti gani.
Lilikuwa likipotea kati ya ubeti na kiitikio,
na Mchungaji Asava akadhani
ndivyo nyimbo za siku hizi zilivyo.

Nikampelekea Kerubo, fundi wa redio pale Shauri Moyo.
Hakuuliza jina la kampuni.
Aligonga pale juu, nyuzi zinapokanyaga
kabla ya kupanda kwenye vigingi,
akasema neno moja: "Plastiki."
Akanituma soko la Burma nikanunue mfupa.
Mfupa, si nyama.
Mwenye bucha aliniuliza mbwa wangu anaitwaje.
Kerubo akauchemsha, akauanika juu ya mabati siku tatu,
paka wa mtaa mzima wakikesha chini yake,
akaukata, akaupiga tupa
hadi ukawa kidaraja chembamba kama ukucha,
chenye mikato sita.
Mia tatu, na soda.
"Halijawa zuri," alisema akinirudishia.
"Limeacha uongo tu."

Wahenga wana neno lao:
kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Haya, langu limetembea.
Limefika Dandora matangani, Kahawa kwenye mahari,
limelala chini ya jukwaa Ngara
likamwagiwa bia ambayo sikuinunua.
Limenyeshewa Jogoo Road.
Limelipa muhula wa pili wa Nafula
wote, kasoro viatu.

Na lako, Kilonzi, liko chini ya kitanda Buruburu,
ndani ya kasha la kufuli na mahameli mekundu.
Usiku hulitoi, unaogopa wezi.
Mchana hulitoi, unaogopa vumbi.
Jumapili baada ya chakula unafunga madirisha
unalipigia amplifaya yenye taa za kizamani,
sauti chini kwa ajili ya majirani,
na mkeo analisifu kutoka jikoni.
Ni zuri kweli. Nimeshasema.

Lakini nisijitie ushujaa.
Jumanne mbili sasa miguu imenipeleka Westlands,
na sina shughuli huko.
Sipandi ngazi. Nasimama ng'ambo ya barabara
kama anayengoja mtu.

Na uzi wangu wa tatu bado unakwaruza
katika kidato cha tano.
Kerubo anasema hicho hakuna mfupa utakaokiponya.
Nikifika hapo nafumba macho,
nakandamiza kwa nguvu zangu zote.
Watu hudhani ni hisia.