Benchi Lenye Pengo

Kule Paysandú, mji wa kando ya mto nchini Uruguay,
Nibia Sarachaga alipiga magoti uwanjani mwezi wa Julai,
futi ya chuma mkononi, baridi ikimng'ata vidole,
akapima jinsi watu wanavyoinuka.

Si wanavyokaa. Kukaa, alisema, hata gunia hukaa.

Alianza na Elbia, mwenye nyonga ya bandia.
Benchi la zamani lilikuwa la saruji, halina egemeo,
kimo chake sentimita thelathini na nane;
Elbia akishuka pale ni ndoo iliyoingia kisimani,
hatoki mpaka aje wa kumvuta.
Nibia akaandika: arobaini na sita.
Akaandika: chini pawe wazi, visigino virudi nyuma,
maana hasimami mtu kwa miguu aliyoitanguliza.
Akaandika: mkono wa kushikia, bapa, upana wa kiganja.
Bapa kwa sababu ya pili:
watu wa huko hunywa mate
(usicheke, msomaji, ni majani machungu,
huyafyonza kwa mrija wa chuma kutoka kibuyuni)
na chupa ya maji moto inataka pa kusimama
kama mwenyewe ameshika mkongojo.

Mhandisi Iriarte aliupenda mchoro upesi,
upesi wa kutia shaka.
"Mikono iwe mingi," akasema, "kila kiti na mkono wake."
Nibia akaijua hesabu hiyo. Haikuwa ya Elbia.
Ilikuwa ya Dorval, alalaye pale
tangu kiwanda cha ngozi kifungwe,
viatu vyake chini ya shingo.

Chuma kile kile
kinachomwinua huyu
kinamnyima yule usingizi.

Usiku alichora, akafuta, akachora, karatasi ikatoboka.
Asubuhi upande mmoja wa benchi ulikuwa mrefu,
mita moja na sentimita themanini bila kizuizi.
"Mbona huku pamerefuka?" Iriarte akauliza.
"Mzizi," akajibu. "Kuna mzizi unapita."
Mzizi haukuwepo.

Na katikati, si pembeni, katikati,
aliziondoa mbao kabisa:
sentimita tisini za sakafu tupu.
Wapita njia wakasema fedha zimeliwa.
Fundi akageuza mchoro juu chini, akaugeuza tena.

Sisi tukifiwa husema marehemu ameacha pengo lisilozibika.
Hili lilipimwa, likakatwa kwa msumeno,
likawekwa lingoje mtu.

Septemba akaja Walkiria na kiti chake cha magurudumu.
Miaka kumi na tisa ameegeshwa mwisho wa mabenchi
kama sanduku lililokosa rafu,
akisikia nusu ya kila kisa, nusu ya kicheko.
Aliingia kinyumenyume. Akakaza breki.
Kushoto Elbia, kulia Dorval aliyekwisha kuamka,
na kibuyu kikapita mbele yake, kikarudi,
na umbea nao ukapita, mzima, na mkia wake.

Mvua za Oktoba zikafichua kosa:
pengo linatuamisha maji. Mteremko haukupimwa.
Walkiria alimwita Nibia kutoka ng'ambo ya uwanja,
magurudumu yakichuruzika,
akamfokea kama mtu anayelalamikia paa
la nyumba yake mwenyewe.

Nibia akatoa futi.
Akapiga magoti majini.