Jibu Chini ya Wino Mwekundu

Umeandika pembezoni, Dokta Valkanova,
herufi zimelala upande kama mvua ya upepo:
"Hiki si chanzo. Kila mtu anaandika humo."
Nakujibu hapa hapa, chini ya wino wako,
kwa penseli, ukitaka ufute.

Maktaba yetu ya Ruse hufungwa saa kumi na moja.
Mimi hutoka kiwanda cha biskuti saa mbili usiku,
nywele zinanuka vanila,
vidole vimekakamaa kwa baridi ya Danubi.
Kitabu ulichotuagiza kipo kimoja tu:
kadi yasema kiliazimwa mwaka tisini na nane
na mtu ambaye saini yake, uniwie radhi,
imelala upande kama mvua ya upepo.

Ile makala nyingine imefungiwa nyuma ya malipo,
yuro thelathini na nne kwa siku moja ya kuisoma.
Kwa hizo, mimi na Desislava tunakula dengu wiki nzima
na nauli inabaki.

Ensaiklopedia ya umma haikudai kitambulisho.
Haikuuliza mimi binti wa nani.
Saa nane za usiku iko macho
kama jirani mwenye mtoto mchanga:
ukibisha, inafungua.

Sikatai, ina uongo.
Mtu alimwoza mfalme wa kale mke wa tatu asiyepata kuzaliwa,
wakaishi siku tisa kabla ya kuachanishwa.
Kidole kimoja hakivunji chawa, wamesema;
humo vidole ni vingi,
na chawa hawakosekani.
Ndiyo maana sisomi nikakomea hapo.
Vinamba vile vidogo vya buluu
navikanyaga kama vipandio vya ghala, nashuka
hadi palipo na vumbi na majina ya watu.

Sasa nikwambie la Gorna Brezhanitsa.
Ni kijiji cha bibi yangu Tsvetana, kiko chini ya bwawa.
Humo kilipewa sentensi tatu, na ya tatu ilisema:
"Wakazi walihama kwa hiari yao."
Bibi alihama juu ya lori,
sufuria la maharage likiwa bado moto mapajani.
Nikafuta "kwa hiari yao."
Dakika nne hazijaisha, mtu asiye na uso akayarudisha,
akaniandikia: bibi yako si chanzo.

Maneno yako, Dokta.
Ila yeye aliongeza: kalete karatasi.

Ijumaa tatu nilipanga foleni kwenye hifadhi ya nyaraka
hata mlinzi akanijua kwa harufu ya vanila.
Ya tatu, likatoka jalada: amri, mhuri, tarehe,
"kwa nguvu ikibidi,"
nyumba sitini na mbili.
Nikaiweka. Ikakaa.

Wiki iliyopita Plamen wa mwaka wa kwanza
alisimama darasani kwako akasoma: nyumba sitini na mbili.
Ukamuuliza kapata wapi, akatazama viatu vyake.
Nami nyuma kabisa nikatokwa jasho,
kwa sababu ile mbili, Dokta, wino wake umevuja,
yaweza kuwa saba.
Nyumba tano zaidi. Milango mitano,
na mtu ana bibi yake humo.

Umeuliza kwa nini tunaitegemea.
Sijui wengine.
Ijumaa hii hifadhi inafunguliwa saa tatu asubuhi,
nimeomba ruhusa kiwandani,
nimeazima kioo cha kukuzia cha Desislava,
kile anachokagulia stempu zake.
Mpaka nirudi,
usimkate alama Plamen.