Rejeta Mbili

Kwanza walinicheka.
Uyole, mwezi wa saba,
umande umeganda juu ya majani ya viazi,
na mtu mzima anazunguka mjini
akitafuta kitu cha kupozea.

Lakini ndani ya boksi langu la bati
kadi ya picha ilikuwa inatengeneza harusi ya watu wa Itezi,
picha kwa picha, usiku kucha,
na kafeni kake kalilia
kama mashine ya kusaga iliyoishiwa mahindi.
Nyuma ya ukuta wa mbao mama alikohoa.
Hakuwa na kikohozi. Ilikuwa taarifa.

Nikaenda kwa Asumwisye, fundi wa malori,
anayejua mlima wa Inyala kuliko madereva wenyewe,
kwa sababu unamletea wateja.
Nikamwambia nataka maji yabebe joto.
Hakucheka. Akafuta mikono kwa kitambaa
kilichokuwa kichafu kuliko mikono,
akaweka mezani rejeta mbili ndogo za hita,
mirathi ya magari yaliyokwisha kufa.

Moja nene kama tofali,
mapezi yamebanana, wembe haupiti.
“Hii ina nguvu, ila haipumui bila kusukumwa.
Utaifungia feni kali, na mama yako ataniletea lawama.”
Ya pili nyembamba, pana,
ukiinua juani unaona mwanga upande wa pili.
“Hizi, tafuta mbili. Feni za polepole.
Joto halipigwi, Tumpe. Joto linatandazwa,
kama kahawa juu ya vichanja.
Na iwe shaba tupu. Shaba na alumini
zikinywa maji yale yale, moja humla mwenzake.”
Akasita kidogo.
“Wanasema maji moto hayachomi nyumba.
Hawajaona lori likifika juu pale Inyala.”

Ya pili niliingoja wiki tatu,
hadi Korola nyingine ilipokubali kufa.

Kosa likabaki langu:
niliziamuru feni zimsikilize prosesa.
Prosesa ana roho ya panzi.
Fungua faili, karuka nyuzi themanini,
fumba jicho, yuko arobaini,
na feni nyuma yake, vuuu, kimya, vuuu, kimya,
hadi mama akagonga ukuta:
“Amua moja!”

Nikatumbukiza sensa kwenye maji.
Maji hayana papara.
Hupokea habari ya moto
kama mtu mzima anavyopokea habari ya msiba:
kwanza hukaa chini.
Yakifika ishirini na nane, feni ziamke,
mizunguko mia sita kwa dakika.
Thelathini na sita, elfu moja, basi, zisizidi.
Na yakianza kushuka zisikimbilie kulala,
zingoje kidogo, huenda ni uongo.

Saa kumi alfajiri bibi harusi akakamilika,
shela lake nukta kwa nukta,
na nikasikia pampu,
na umande ukidondoka kutoka kwenye bati,
na mama, akikoroma.

Maji hayapoi kuliko chumba, hiyo ndiyo sheria,
na chumba changu usiku kina nyuzi kumi na mbili.
Kwingine watu hulipia baridi.
Yangu hupita chini ya mlango, haibishi hodi.

Juzi nikakuta nyuma ya rejeta
boksi la maranda na vifaranga kumi na saba,
wamejipanga pale upepo unapotokea,
macho nusu.
Mama hakuomba ruhusa. Aliuliza tu:
“Harusi ya leo ni ndefu?”
Nikasema dakika nne.
“Nne!”
Akavuta khanga mabegani, akawatazama watoto wake.
“Siku hizi watu hawaoani vizuri.”