Fundi wa Mabomba

Miaka ishirini na sita nimezibua mabomba,
Majengo, Kibokoni, ghorofa za Tudor,
na kanuni yangu moja: maji yasipofika
pana kitu kimekwama. Nywele. Chokaa. Panya, mara moja.

Basi Tumu alipoanguka jikoni,
unga wa mahamri ungali vidoleni,
nilijua la kumwambia daktari: zibua.

Wakapitisha uzi kwenye kifundo cha mkono,
wakamimina rangi. Mishipa ikawaka kwenye kioo
kama ramani ya mabomba ya mji mzima.
Daktari akafuata kila tawi kwa ncha ya kalamu.
"Peupe," akasema. "Hapajaziba."

Shemeji akanong'ona: basi ni mawazo tu.
Lakini damu ilikwishatoa ushahidi:
nyama ya moyo imeumia.

Nikakaa kwenye benchi pale Makadara
hadi adhana ya alasiri, nikiukumbuka
mpira wa maji uani kwetu.
Mtoto aliukanyaga, akacheza, akaondoka.
Niliukagua ncha hadi ncha: mzima.
Mchicha ulikuwa umeshanyauka.

"Mshipa hujibana," alisema daktari, "kisha ukaachia.
Pengine. Bado tunatafuta."
Lile *pengine* nimerudi nalo nyumbani.

Sasa anameza vidonge viwili kila usiku.
Mimi huamka kabla yake, nikamwekea sikio mgongoni,
kama niwekavyo ukutani
mita inapozunguka
na hapavuji pahali.