USIZIME

Mgongoni mwa swichi, kwenye teipu iliyogeuka rangi ya chai,
Temu aliandika kwa wino mzito: USIZIME.
Herufi kubwa, kama anamkaripia mtoto.
Temu amestaafu, yuko Kibosho anafuga nguruwe,
na simu hapokei ikishagonga saa mbili usiku.

Sasa ni saa tano na robo. Ghala la kahawa, Moshi, upande wa reli.
Kaanaeli mlinzi amenifungulia, akarudi kwenye redio yake.
Nimeipangusa kwa brashi ya kupakia rangi:
makapi ya kahawa, buibui mkavu,
pamba ya kijivu iliyojikunja kwenye feni kama paka.
Nikaiuliza kwa amri moja: umekesha tangu lini?
Miaka tisa, ikajibu, wiki sita, siku mbili.
Mimi ni nani nimlaze mkeshaji wa namna hiyo?

Lakini mlango wake una kitasa ambacho wezi wanakijua,
na swichi mpya imo kwenye bajeti ya mwaka ujao,
ule mwaka ujao ambao sasa umeota ndevu.

Haiwezi kuruka toka toleo la kale hadi la leo.
Kuna la katikati, lazima ilale humo kwanza.
Hili nalijua kwa baba, aliyebeba mizigo mlimani
miaka kumi na minane: kila mgeni aliyejitia shujaa
akapita Horombo bila kulala,
kesho yake baba alimshusha yeye, si begi lake.

Kebo bapa, ya bluu. Faili linaingia tone kwa tone,
alama za mshangao zinajipanga kwenye kioo
!!!!!!!!!!!!
halafu moja inakawia.
Nasikiliza transfoma ya nje. Nasikiliza mabati, kama kuna mvua.
Tanesco, mimi ni mwanamke mstaarabu,
usinifanyie hivyo leo. Betri ya akiba niliyoikuta
ilikuwa imevimba tumbo, nimeitoa nje kwa mikono miwili.

Nalinganisha tarakimu za uhakiki kwa kidole, moja moja,
kama karani asiyemwamini mpima magunia.
Zinalingana. Naandika: jiwashe upya.
Inauliza: una hakika?
Padri aliwahi kuniuliza hivyo, nikajibu upesi mno.

Leo nasubiri kidogo.

Ndiyo.

Taa arobaini na nane zinafumba kwa pamoja.
Feni inanyamaza; kumbe ilikuwa na sauti.
Dakika moja. Tatu. Redio ya Kaanaeli inasoma matangazo ya vifo,
watoto na wajukuu, maziko Jumamosi, Machame.
Tano. Kiganja changu kiko juu ya bati lake, bado lina joto.
Saba,
na pembeni kabisa, rangi ya chungwa, moja.

Natafuta kalamu. Chini ya neno la Temu naandika kwa herufi ndogo:
ilizimwa, iliamka. Aikande.
Kisha navuta kiti, napakia toleo la pili.